Fundi wa Subaru wa Majengo, Moshi, anataka kujenga ndege yake: jibu langu

Kuna fundi mmoja wa Majengo pale Moshi ameniandikia swali refu, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Mimi ni fundi magari, Subaru ndo zinanilisha, na kuchomelea najua. Nina injini ya EJ20 imetoka kwenye gari iliyopata ajali, nina bomba za chuma na alumini za madirisha zilizobaki kazini. Nataka kujenga ndege ndogo ya watu wawili, video nimeangalia nyingi sana. Je inawezekana? Na ikishakamilika matunzo yake yakoje?"

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana. Watu wa kawaida wasio na kiwanda wamekuwa wakijenga ndege zao nyumbani kwa karibu miaka mia sasa, huko Minnesota Marekani Bernard Pietenpol, fundi aliyejifundisha mwenyewe, alirusha ndege yake yenye injini ya gari ya Ford Model A mwaka 1929 na mchoro wake mpaka leo watu wanaujenga. Kwa hiyo anayekwambia ndege ni mambo ya viwanda vikubwa tu usimsikilize. Lakini hiyo ndege uliyonieleza wewe, ya bomba za mageti na alumini za madirisha na vipimo vya kichwani, hiyo usiijenge, nakuomba kabisa. Mikono yako naiamini, fundi anayefungua EJ20 na kuifunga ikawaka ana mikono ya kujenga ndege. Ninachotaka ni ufundi wako wote uende kwenye kufuata mchoro wa mtu aliyeshapiga hesabu na ndege yake ikaruka miaka, na kwenye kukagua kazi yako mwenyewe, usiende kwenye kubuni.

Tuanze na vyuma kwa sababu ndo umeshakuwa navyo. Bomba la geti ni chuma laini. Ndege za bodi ya bomba zinatumia chuma kinaitwa 4130, kina kromiamu na molibdenamu ndani yake, nguvu yake ni zaidi ya mara moja na nusu ya hilo la geti kwa uzito uleule, na ukuta wa bomba mara nyingi haufiki hata milimita moja. Sasa wewe ukitaka nguvu hiyo kwa bomba la geti itabidi uongeze unene, ukiongeza unene umeongeza kilo, kilo zikiongezeka unataka bawa kubwa na injini kubwa, nazo zina kilo zake, unajikuta unazunguka palepale mpaka ndege inakuwa nzito haiondoki ardhini. Alumini ya madirisha nayo ni hivyohivyo, fremu nyingi ni aloi ya 6063, wakati ya ndege ni 6061-T6 au 2024-T3. Hiyo 6061-T6 inaanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali 276 hivi, ya dirisha inakubali yaishe karibu na nusu ya hapo. Kwa macho zinafanana, mkononi zinafanana, ukishapaka rangi hakuna atakayezitofautisha mpaka siku bawa limebeba mzigo.

Na mzigo wenyewe ni huu. Ndege ndogo ya kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba mara 3.8 ya uzito wake, alafu inaongezwa nusu ya hapo iwe akiba kabla ya kukatika. Chukua ndege ya kilo 500 na watu wake na mafuta: mabawa yanatakiwa yahimili kilo 1,900 bila kupinda moja kwa moja, na yasikatike chini ya kilo 2,850. Hiyo ni mifuko 57 ya saruji imepangwa juu ya mabawa mawili. Wabunifu wa kweli wanapanga kweli mifuko ya mchanga juu ya bawa lililogeuzwa, wanaongeza mmoja mmoja huku wanapima linavyopinda, wale vijana wa kwenye video wanaopiga picha na helikopta za kuchomelea hiyo kazi huwaoni wakiifanya.

Kwa hiyo nunua mchoro au kit, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari vya kuunganisha. Kwa mtu wa huku mimi ningekuelekeza kwenye ndege za bati za alumini za kupiga riveti, mfano Zenith CH 701 aliyoichora Chris Heintz, uzito wake wa juu kuruka ni kama kilo 500, riveti karibu zote ni za kuvuta upande mmoja na inaruka kwenye njia fupi. Ipo pia Van's RV-12 ya Oregon, nzuri sana, ila inadai njia bora zaidi. Hesabu saa elfu moja na kitu za kazi, kwa anayefanya jioni na wikiendi ni miaka. Pesa sitakudanganya, injini ya Rotax 912 mpya peke yake inavuka dola 20,000, ndo maana watu wengi wananunua kwa vipande, kit ya mkia kwanza, ukiimaliza unajua kama unaipenda kazi au ulipenda wazo tu.

Na ukishakuwa na mchoro usiuboreshe. Hapa naomba unisikilize sana kwa sababu fundi magari mzuri ana tabia ya kuboresha, anaona kitu anasema hii ningeiweka huku ingekuwa rahisi. Yule mwanamuziki wa Marekani John Denver alikufa Oktoba 1997 kwenye ghuba ya Monterey akiwa na ndege aina ya Long-EZ, ndege ya kujengwa nyumbani iliyochorwa na Burt Rutan. Aliinunua kwa mtu, hakuijenga yeye. Kwenye mchoro swichi ya kuchagua tangi la mafuta inakaa mbele, rubani anaifikia bila shida. Aliyejenga ile ndege aliihamisha akaiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Kuifikia lazima ugeuke mwili mzima, na ukigeuka mguu unasukuma pedali. Mafuta ya tangi moja yalipopungua akawa anahangaika kugeuka kule nyuma, ndege ikaenda baharini. Swichi moja tu imehamishwa, na kwa aliyeihamisha nina hakika ilionekana wazo zuri.

Injini sasa. Najua hii itakuuma kwa sababu EJ unaijua ndani nje. Kuna watu wamerusha Subaru, sikatai. Lakini EJ inatoa nguvu yake kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika kwenda juu, wakati propela ya ndege ndogo ukiizungusha zaidi ya 2,700 hivi ncha zake zinaanza kukaribia mwendo wa sauti, inapiga kelele na kazi haifanyi, kwa hiyo lazima uweke gia ya kupunguza. Ukijumlisha hiyo gia, rejeta, maji na mabomba yake uzito unafika karibu mara mbili ya Rotax 912 iliyofungwa kamili, na uzito wote huo uko puani. Alafu EJ inaishi kwa umeme: kontroli boksi, koili, pampu ya mafuta, alteneta ikifa na betri ikaisha umebaki na chuma kimya angani. Rotax 912 ina mifumo miwili ya kuwasha plagi isiyotegemeana, plagi nane kwa silinda nne, na inajitengenezea umeme wa plagi bila betri, mizunguko yake 5,800 inapita kwenye gia ya 2.43 propela inapata 2,387 hivi. Kila kitu hapo kimewekwa kwa sababu. Iuze hiyo EJ, itakulipia mkia. Na kama kuna mtu ameshakushauri injini ya bodaboda, Boxer ya 150 ina hosipawa kama 12, hiyo haibebi watu wawili popote.

Tena sisi huku tuko juu, na video za watu wa Florida hazikwambii hili. Uwanja wa Moshi uko futi 2,800 hivi kutoka usawa wa bahari, Arusha pale Kisongo ni kama futi 4,550. Siku ya jua kali joto likifika nyuzi 28 Kisongo, hewa inakuwa nyepesi kama ya futi 7,200. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo zile hosipawa 100 za kwenye karatasi zinabaki kama 78, na propela nayo inakamata hewa kidogo, na bawa nalo linataka mwendo mkubwa zaidi kabla halijanyanyua. Mambo matatu yanakupunguzia kwa pamoja. Ndege iliyoondoka kwa mita 150 Tanga inaweza kukuzidishia sana hapo Kisongo saa nane mchana, ndo maana majaribio yote utayafanya asubuhi na mapema, ukiwa peke yako, tangi lisijae. Asubuhi pia upepo wa mlimani bado umetulia na matumbusi hawajapanda, na hao usiwadharau, yule mtafiti wa wanyama Mjerumani Michael Grzimek alikufa Januari 1959 maeneo ya Serengeti na Ngorongoro baada ya ile ndege yake ya Dornier yenye mistari ya pundamilia kugongana na tumbusi.

Kuhusu kazi yenyewe ya kujenga, nitakaa kwenye riveti na bolti kwa sababu ndo ndege ilivyo, maelfu ya matundu. Tundu ukishalitoboa linabaki na ukingo mkali kwa nyuma, usiuache, chukua biti kubwa zaidi, ishike kwa vidole tu, zungusha mara moja au mbili mpaka ukipitisha kucha haikwami, ukizidisha umelitanua. Ukiuacha ule ukingo bati mbili hazikai pamoja, riveti inavutika kwenye uwazi, na kwenye mkwaruzo mdogo pale ndo ufa unapozaliwa baada ya mtetemo wa saa mia mbili. Katikati ya tundu mpaka ukingo wa bati kusipungue mara mbili ya kipenyo cha riveti, kwa riveti ya milimita 3.2 ni milimita 6.4, chini ya hapo tupa hicho kipande hata kama kimekuchukua jioni nzima. Na riveti za hardware hapana, kwa nje ni ileile lakini ya ndege ina namba yake na nguvu yake imeandikwa kwenye mchoro.

Bolti utashangaa zinavyokazwa kidogo. Bolti ya ndege ya robo inchi, AN4, inataka paundi-inchi 50 hadi 70, yaani kama Nm 6 mpaka 8 tu. Mkono uliozoea kufunga heda za Subaru utaivuta mpaka uzi unyooke na hutajua, kwa hiyo spana ya toki ni lazima, ndogo, sio hiyo ya kufungia matairi. Ukishakaza pitisha mstari wa rangi ya kucha nyekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, siku nati ikijizungusha ule mstari unakatika unauona kwa tochi bila kushika spana. Na popote bolti inapozunguka na kitu, mfano kwenye viungo vya aileroni (kile kibati kinachocheza nyuma ya bawa) na eleveta (cha mkiani), nati zenye plastiki ndani hazitumiki, ni nati ya meno na kota pini, pini mpya kila ukifungua.

Kabla hujafunga bawa lolote likawa haliingiliki tena, piga picha kila kona na mwite mtu mwingine akague, sio rafiki wa kukusifia, mtu wa ndege. Mafundi wa ndege wenye leseni wapo uwanja wa KIA na Kisongo, na waliosomea matengenezo ya ndege pale Chuo cha Usafirishaji NIT Dar wapo, ukienda kwa heshima na daftari mkononi wengi watakusikiliza.

Uzito na mizani kwa ufupi ila usivuke. Ndege ikikamilika unaiweka juu ya mizani tatu, ikiwa imelala kama inavyoruka. Mfano wa namba rahisi, ukipima umbali kutoka ncha ya pua: gurudumu la mbele liko mita 0.6 na linabeba kilo 60, inakuwa 36. Ya nyuma yako mita 2.0 na yanabeba kilo 220 kwa pamoja, inakuwa 440. Jumla 476 ukigawa kwa kilo 280 unapata mita 1.70, hapo ndo uzito ulipo. Mbunifu amekupa mpaka wa mbele na wa nyuma. Ukiwa mbele sana ndege haiinui pua wakati wa kutua, ukiwa nyuma sana inakataa kushusha pua, na huo wa nyuma ndo unaoua haraka. Rangi nzito ya gereji nayo inaingia humo, hasa ukiijaza mkiani.

Serikali sasa. Nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujanunua hata bati moja, na mchoro ukiwa mkononi, waulize wanataka nini kwa ndege ya kujengewa nyumbani, wewe mwenyewe kwa maandishi. Usajili wa 5H (herufi za ndege za Tanzania), kibali cha kuruka, ukaguzi, leseni yako ya urubani, vyote viko kwao. Anga ya hapa kwetu imejaa ndege za watalii zinazoenda Serengeti na ndege kubwa za KIA, huwezi kuibuka tu kutoka shamba la mahindi. Marekani ndege ya namna hii hujaribiwa kwa saa 25 au 40 kwenye eneo maalum bila abiria kabla haijaachiwa, na hata kama huku utaambiwa tofauti mimi ningekushauri uzifanye hizo 40. Na ruko la kwanza alifanye rubani mwenye uzoefu na ndege hiyo.

Haya, matunzo, na hapa ndo wengi wanachoka. Kujenga kuna furaha kila wiki unaona kitu kipya, kutunza hakuna anayekupigia makofi.

Kila asubuhi ya kuruka mafuta yanatolewa kidogo chini ya tangi kwenye chupa inayoonyesha ndani unayaangalia kwenye mwanga, maji yanakaa chini kama kigololi. Julai Moshi usiku ni baridi, tangi la nusu linatoa jasho ndani, kwa hiyo lijaze jioni, isipokuwa kuamkia yale majaribio niliyosema tangi lisijae. Petroli ya sheli chukua kituo kimoja unachokiamini, serikali inaweka vinasaba kugundua uchakachuaji lakini wewe hakikisha mwenyewe, na pombe ndani ya petroli unaipima hivi: weka maji kidogo kwenye chupa nyembamba, weka alama, jaza petroli, tikisa, iache itulie, maji yakionekana yameongezeka kuna pombe. Oili ya Rotax usiipime ndege ikiwa imekaa tu, swichi zote zimezimwa, zungusha propela kwa mkono kwa upande wake wa kawaida mpaka usikie tangi la oili linagugumia, hapo ndo upime.

Nyigu hawa wa matope wanapenda sana kile kibomba cha kupimia mwendo na matundu ya kupumulia ya tangi, siku mbili tu umeacha wazi wameshajenga. Ndege ya Birgenair, Boeing 757 nzima, ilianguka Februari 1996 na watu 189 wakafa, na kilichodhaniwa zaidi ni kibomba hicho kuzibwa na nyigu. Tengeneza vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu, na usipulize kile kibomba kwa mdomo wala kompresa, utaua geji.

Vumbi letu la volkano ni laini linapita kila mahali, filta ya hewa ifunguliwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema kwa sababu kitabu kimeandikwa Ulaya. Oili Rotax wanasema saa 100, ukitumia mafuta ya ndege yenye madini ya risasi ni 50, na filta iliyotoka ikate kwa kisu uifungue karatasi yake juani, chembe zinazong'aa ndo barua ya injini kwako. Mipira ya kabureta na hozi ni miaka mitano, hata kama ndege imelala tu. Pima mgandamizo wa kila silinda, upotevu usizidi robo.

Kwenye bati tembeza tochi kwa ubavu. Riveti iliyolegea inachora kamstari keusi kama masizi nyuma yake, ni unga wa alumini unaosagika, na ikionekana moja zikague zote za mstari huo. Nyaya za usukani zipitishe kwenye kitambaa laini, uzi uliokatika utanasa. Na kila ukifungua chochote cha usukani, hata bolti moja, kaa kwenye kiti usogeze stiki kulia na utazame kwa macho yako aileroni ya kulia inapanda na ya kushoto inashuka, ukivuta stiki eleveta inapanda. Usiulize tu kama zinacheza, uliza zinacheza upande gani. Watu wenye uzoefu wa miaka wameruka na nyaya zilizopishana.

Yote hayo yaandikwe kwenye daftari, tarehe, saa za injini, ulichofanya, namba ya spea, sahihi yako.

Kwa mwezi huu usinunue kitu kikubwa. Tafuta vipande viwili vya bati ya alumini ya milimita 0.8, vipime, vitoboe, safisha matundu kama nilivyosema, piga mstari mmoja wa riveti, alafu zitoboe zote uzitoe na utazame matundu kama bado ni duara. Rudia mpaka yabaki duara. Ukifika hapo nitumie picha, ya upande wa nyuma.